Chumba cha Thamesmead na Miguu Yangu

Chumba kile cha kupanga, mtaani Thamesmead, nilikitaka kuliko pumzi. Mwenye nyumba, mama wa Kithai, alitukaribisha chai mkekani, mimi na dada mmoja Mkenya aliyekitaka pia. Kwao kuelekeza nyayo kwa mtu ni tusi, kwa hiyo nilikunja miguu kando, nikaikalia karne nzima. Shule ya jioni niliyosoma ilinifundisha mengi, kukaa vile haikunifundisha.

“Haya, twendeni juu mkakione,” mama akasema.

Miguu ilikuwa imekufa ganzi, imeoza, imezikwa. Dada akainuka kama unyoya. “Kaka, huji?”

“Tangulieni.”

Walipoondoka nilitaka kuinyoosha, lakini mbele yangu kulikuwa na sanamu ya Buddha, nyuma picha ya marehemu mume wa mama mwenye nyumba. Huko juu nikamsikia dada akisema atahamia Jumamosi.