Paka Chini ya Kitanda cha Kaka

Nakiri leo, bila kushurutishwa na mtu, kwamba nililia. Kwa miaka mingi ndugu zangu wamenitania kwenye kila mkusanyiko wa familia kuwa mimi ndiye mtoto aliyemlilia paka wa jikoni alipokufa, nami nimekataa katakata. Utetezi wangu ulikuwa kwamba siku ile nilikuwa nakata vitunguu. Utetezi mbovu, maana jikoni kwa mama kitunguu kilionekana wageni walipokuja tu, na siku ile hatukuwa na mgeni.

Nakiri kwa sababu majuzi nilirudi nyumbani, huku kwetu karibu na Ekerenyo, nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye chumba cha kulala cha kaka yangu, mimi mtu mzima mwenye shahada mbili na mgongo unaouma, nikimbembeleza paka mzee atoke chini ya kitanda.

Jiko la mama lilikuwa nyumba ya peke yake, nyuma ya nyumba kubwa. Ungeingia ungekohoa kwanza, ndipo uone. Mafiga matatu, chungu cha chinsaga kikichemka polepole hadi uchungu wa mboga ulainike kwa maziwa, na ukutani vikapu vya kuchumia majani chai vikikaushwa kwa moshi. Mvua ya alasiri ilipopiga mabati hatukusikiana, kwa hiyo tulikaa kimya tukitazama moto. Paka alilala kwenye majivu ya vuguvugu, manyoya yakinuka moshi kama sisi wenyewe. Hakuwa na jina. Alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa panya. Baba alipoingia kuota moto alimsukuma kwa mguu ili akae yeye pale penye joto, na baba alipotoka, paka alirudi. Ugomvi huo uliendelea miaka yote ya utoto wangu, paka mmoja akifa na mwingine akishika zamu.

Jiko lile halipo tena. Mama alipofariki lilikaa kidogo, likaanguka upande mmoja, kisha kaka akalibomoa kabla halijamwangukia mtu. Jike la kijivu lililobaki ndiye paka wa mwisho kuzaliwa mle ndani. Na baba, yule yule wa kusukuma kwa mguu, siku hizi humchambulia dagaa wa omena mmoja mmoja na kumlisha kwa vidole. Ukimkuta, hujifanya anajikuna.

Paka huyo aliacha kula, tumbo likavimba. Nilimpeleka mjini Kisii kwa daktari wa mifugo, baba akiwa amempakata kiti cha nyuma. Daktari alimpasua tumbo akatoa kizazi kilichojaa usaha. Alipotukabidhi alisema maneno machache ambayo baba alinifanya niyarudie njia nzima: awekwe mahali pakavu na safi, asirukeruke wala kuvutwa, la sivyo nyuzi za mshono zitaachia. Na ale. Kwa umri wake, akishinda siku nyingine bila kula, ini litaanza kuharibika. "Asipokula hadi kesho asubuhi mrudisheni," alisema, "tuamue kama ni haki kuendelea kumtesa."

Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi yake. Nyumba ya baba ina vumbi, viroboto na mbwa. Nyumba ya kaka, hatua chache kutoka pale, ina vigae. Kaka yuko kazini Nakuru. Mkewe, ambaye ni mwalimu, alikubali mara moja, hata akakata mkono wa sweta ya shule ya mwanawe tukamvisha mgonjwa ili asilambe kidonda. Nikambeba paka, baba akinifuata nyuma. Nilipofika mlangoni niligeuka. Baba alikuwa amesimama kwenye ua wa maua, mikono nyuma, kama mtu aliyefika mpaka wa nchi.

Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyewahi kuandika kurasa na kurasa juu ya mila zetu, nilikuwa nimesahau chinsoni, ile heshima inayomkataza mwanamume kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Sebuleni hakanyagi, sembuse chumbani. Kabla sijaamua la kufanya, paka alinichomoka mikononi, akapita korido akichechemea na sweta yake ya kijani, akajibanza kwenye pembe ya mwisho kabisa, chini ya kitanda cha ndoa.

Tulijaribu mara moja kumvuta. Alijipinda, na doa la damu likatokea kwenye sweta. Hatukujaribu tena.

Kuku aliyechemshwa alikuwepo, supu ilikuwepo, omena walikuwepo. Wifi yangu alisukuma sahani kwa mpini wa ufagio. Paka aliitazama kama bili ya stima.

"Dada, huyu ananichukia," alisema wifi.

"Hakuchukii. Hakujui."

"Miaka yote hii naishi hapa!"

"Humchambulii omena."

Alasiri ikaanza kuisha, mvua ikaanza. Kila nilipoinua pazia nilimwona baba palepale kwenye ua, mwavuli umemfunika kichwa na mabega tu. Pumzi za paka zilikuwa fupi, nami nilikuwa nikizihesabu bila kutaka.

"Mwambie aingie tu," wifi akasema. "Mimi nitaenda kwa jirani. Sisi wa siku hizi hatujali hayo."

Nikatoka mbio kwenye mvua nikampa baba ujumbe.

"Yeye hajali," baba akajibu. "Na mimi je?"

"Ataondoka kabisa, baba. Hakutakuwa na mtu."

"Hata akiondoka, kitanda ni cha mwanangu."

"Basi njoo dirishani tu, umwite."

"Nichungulie dirisha la chumba chao?" Alinitazama kama amegundua kuwa karo yangu yote ilipotea bure.

"Ni paka tu, baba," nikasema.

"Kama ni paka tu, mbona umelowa hivyo?"

Nikarudi ndani. Paka alikuwa amelaza kichwa sakafuni sasa, macho nusu wazi, na nilipomgusisha supu mdomoni kwa kidole ilimtiririka tu. Wifi alikuwa amekaa kitandani, miguu juu. Niliwaza safari ya asubuhi, baba kiti cha nyuma, na vile angerudi mikono mitupu.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa baba, kutoka kwenye ua. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya kuku, nikabonyeza sauti kubwa kwa kiwiko.

"Amekula?"

Chini ya kitanda, masikio mawili yaligeuka.

"Baba, usikate. Ongea."

"Niongee na nani?"

"Na paka."

Nikasikia mvua ile ile moja mara mbili, dirishani na ndani ya simu.

"Mwalimu yuko hapo?"

Wifi alinipungia mkono, akajiziba mdomo kwa mto.

"Niko peke yangu, baba."

Nikaisukuma simu taratibu mpaka karibu na sahani. Akaanza kuongea kwa Ekegusii, kwa sauti ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuisikia, ya chini, ya mtu anayezungumza na wa rika lake. Alimwambia kuwa mama ameondoka. Jiko nalo limeondoka, na moshi wake, na hata panya wamehamia kwa watu wenye mahindi. "Tumebaki mimi na wewe," akasema, "tuliokuwa tukigombania pale penye joto. Sasa unataka uniachie pote peke yangu?"

Paka aliinua kichwa. Alijikokota kidogo, sweta ikiburuta, akaweka pua karibu na simu, kisha karibu na sahani. Nikasikia ulimi ukigusa supu. Ukatulia. Ukagusa tena, na tena, haraka haraka sasa.

"Amekula?"

"Anakula, baba. Anakula kweli, hata—"

"Basi nyamaza," akasema. "Utamshtua."