Blauzi Isiyofunika Uso

Mukunde hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Kwa desturi ya kwao mke halitaji jina la mzazi wa mumewe, na ingawa wanawake wa rika lake mjini Kigali waliicheka desturi hiyo, yeye aliishika, kwa kuwa alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, mikononi mwa mama aliyeishika. Alimwita Baba. Wengine walimwita Mzee Gasana. Heshima hiyo haikumlemea hata siku moja, mpaka mzee alipofika nyumbani kwao Gikondo na mkoba wake mmoja na redio yake, akalala sebuleni, ili amwone mjukuu wake wa kwanza.

Mzee alikuja na haraka ambayo hakuisema. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa presho ya macho, na la kulia, daktari alimwambia, lilikuwa njiani. Alitaka kuyaona macho ya mjukuu huyo, Kaliza, yakiwa wazi kabla la kwake halijafungika. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mtoto amechukua macho ya bibi yake, yale makubwa yaliyoinama pembeni, na bibi huyo alikuwa marehemu. Alimwambia hayo mwanawe Mutabazi peke yake, akamkataza kumtwisha mzigo huo mwanamke aliyetoka kujifungua. Mutabazi alikuwa dereva wa lori. Akaibeba siri ile mpaka Dar es Salaam na kurudi nayo, bila kuishusha.

Nyumba yenyewe ilikuwa sebule, na nyuma ya pazia chumba cha kulala. Kulipokucha gereji za jirani zilianza kugonga mabati, na katikati ya kugonga kule Kaliza aliamka akilia. Mtoto wa umri ule huamka kwa njaa na hulala kwa shibe. Macho yake huwa wazi akiwa kifuani, na kitambo kidogo tu baadaye. Na kifua cha mkaza mwana hakionwi na baba mkwe. Kwa hiyo mtoto alipolia, Mukunde aliinuka naye haraka akaingia nyuma ya pazia. Mzee naye, akimwona anainuka, alitoka nje akasimama ukutani, ili mama wa watu asione kwamba anasikilizwa. Waliachiana nafasi hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, kila mmoja kwa adabu, na kila mmoja akaanza kuhisi kwamba anakimbiwa.

Mzee akirudi ndani aliuliza swali lile lile.

"Yuko macho?"

Mukunde alilisikia kama anavyolisikia mtu mwenye mtoto mwenye sauti kubwa katika nyumba ndogo. Alidhani mzee anauliza kama kelele zimekwisha. Akajibu, "Amelala, Baba," akiharakisha kumtuliza, na mara nyingine alijibu hivyo huku Kaliza yumo mikononi mwake nyuma ya pazia, ameshiba, anaitazama dari.

Lakini alitaka kukaa na mzee yule. Alimpenda. Mchana mrefu wa likizo ya uzazi ulimchosha, na mzee alikuwa na hadithi za Karagwe, alikochunga ng'ombe zamani, ambazo zingemkumbusha mama yake. Tatizo, alijiambia, lilikuwa la nguo. Blauzi zake za kazini, alizovaa akipokea hati za mizigo kwenye maghala ya Gikondo, zote zilikuwa na zipu mgongoni. Fulana, ambazo Kigali huitwa mipira, zilimlazimu kuzipandisha kutoka kiunoni, tumbo lote likabaki wazi. Alijaribu shati la Mutabazi: mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine unahangaika na vifungo, na vilipokubali kufunguka vilifunguka vyote, kifua kizima kikawa uwanjani. Dera la kuazima lilikuwa laini na lenye hewa, ila shingo yake pana iliteleza begani kila alipoinama.

Basi alasiri moja akajifunika kitenge, akakaa mbele ya mzee bila kukimbia. Mzee hakutoka. Aliinamisha kichwa upande, akiligeuza jicho lake zima kuelekea kile kitenge, kama mtu aliyebisha hodi na bado hajajibiwa.

"Anapumua humo?" akauliza.

Mukunde alidhani anakemewa. Kaliza, aliyekuwa ametoka jasho, akapiga teke, kitenge kikaanguka. Mzee alikuwa amekwisha fika mlangoni.

Siku ya pili yake Mukunde alikwenda Biryogo kwa fundi Shakira, aliyeshona kwenye kibaraza pamoja na mafundi wenzake, karibu na hoteli za chai ya tangawizi. Shakira alimzungusha kwa bega kama anavyozungushwa mtoto anayepimwa sare.

"Zipu iko nyuma, mtoto iko mbele," akasema. "Sasa nyinyi watu wa ofisi munanyonyeshaga kwa mugongo?"

Kibaraza kizima kikacheka.

"Usinicheke, Shakira. Nina baba mkwe sebuleni."

"Ah! Pole, dada. Hiyo sasa si blauzi unatafuta, unatafuta serikali iamue kesi."

"Nataka nguo itakayoficha ziwa lakini isimfunike mtoto uso. Kitenge kinamfunika kama maandazi. Nataka niweze kukaa na mzee, amwone mjukuu wake, nami nisione haya."

Shakira akaacha kucheka. Alivuta kutoka kwenye rundo blauzi moja ya pamba, laini kwa kufuliwa, akaitandika mapajani. Ilikuwa na tabaka mbili. La juu liliishia chini ya kifua na kuning'inia kama pazia fupi. La chini lilikuwa na nafasi mbili pembeni, zimekunjwa upindo zisichanike.

"Unainua hii ya juu kidogo tu, mutoto anaingia, kitambaa kinalala kwa shavu yake. Tumbo imefunikwa, ziwa imefunikwa, yeye uso iko nje anatazama watu."

"Vifungo?"

"Vya nini? Ukiwa na mkono mmoja, kifungo ni adui. Na hii ni pamba, inakunywa maziwa. Ile yako ya hariri ya uongo itakuandika ramani kifuani mbele ya baba mukwe."

Mukunde aliijaribu nyuma ya mlango. Ilimkaa kama imekatwa kwa ajili yake. Mteja aliyeiagiza alikuwa amehama, haikuwa na mwenyewe. Akatoka nayo mwilini, akajitazama kwenye kioo cha kibaraza, na hapo ndipo alipoiona rangi yake vizuri. Ilikuwa haradali, haradali iliyochoka.

"Shakira, hii rangi ni ya nepi."

"Ndio maana haitaonyesha doa."

"Siwezi kuvaa hii. Nishonee ya kijani, kile kijani cha chai. Na uiwekee kola, nikirudi kazini niende nayo."

"Kijani hicho sina, kinatoka Kampala. Chukua hii kwanza, ya kuvaa nyumbani."

"Nitasubiri."

"Na muzee pia atasubiri?"

"Mzee yuko tu," akasema Mukunde, akiivua. "Haendi mahali."

Maneno hayo aliyasema kwa furaha. Alipanda kilima kurudi kwao akiwa mwepesi, akiwaza jinsi atakavyokaa kwenye kiti cha dirishani, na mzee mbele yake, na Kaliza katikati yao akiwa na uso wazi. Ilikuwa ni kungoja kidogo tu. Kitambaa kingefika na basi lolote la Kampala.

Kitambaa kilikawia. Walipokuwa wakikingoja, asubuhi moja mvua ilinyesha na gereji zikanyamaza. Mzee hakuweza kutoka nje, akabaki sebuleni peke yake, na nyuma ya pazia Kaliza, aliyekwisha nyonya, akaanza kutoa zile sauti za kwanza ambazo si kilio, anazozitoa mtoto akizungumza na hewa.

"Yuko macho?" mzee akauliza.

"Amelala, Baba," Mukunde akajibu, kwa mazoea.

Mvua ilikuwa ndogo. Sauti ya mtoto ilisikika kila pembe ya nyumba. Mvua ilipokatika mzee aliikunja shuka yake vizuri, akaiweka juu ya mto, akachukua mkoba na redio.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kabuga, nyumbani. Nikawatazame ng'ombe wangu."

Hakuwa na ng'ombe tena. Alikuwa na mbuzi mmoja, tena wa kuchunga kwa zamu na jirani. Mukunde alijua hivyo, akatabasamu kwa kuwa alidhani ni mzaha, akamsindikiza mpaka barabarani na mtoto mgongoni. Kaliza alikuwa amesinzia. Mzee aliinama akamtazama kwa muda mrefu kope zake, kisha akapanda gari.

Mutabazi aliporudi kutoka safari akaikuta ile shuka iliyokunjwa, alikaa karibu nayo akashika kichwa. Ndipo akaishusha siri yake. Mukunde alimsikiliza amesimama. Mutabazi alipofika kwenye habari ya macho ya mtoto, Mukunde alimwomba anyamaze.

Blauzi ya kijani ilikamilika karibu na siku zile. Ilikuwa nzuri, yenye kola ndogo na mshono usioonekana, na Shakira, aliposikia kwamba mzee ameondoka, alimkunjia taratibu kuliko kawaida. Mtu angetarajia kwamba Mukunde angekwenda Kabuga siku hiyo hiyo. Kabuga ni pale tu, mwisho wa jiji, watu hutoka huko kila asubuhi kuja kazini. Lakini likizo yake ilikwisha. Halafu Kaliza akapata homa. Halafu Jumapili moja walikuja wageni, na nyingine mvua. Walimpigia mzee simu, naye alisema msijisumbue, nyinyi mna kazi. Chini ya sababu zote hizo kulikuwa na moja ambayo Mukunde hakuitaja hata mbele ya Mutabazi: aliona aibu kukaa mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimwambia, tena na tena, kwamba mtoto amelala. Blauzi ile ikazoeleka ofisini. Wenzake waliisifu, wakauliza fundi ni nani.

Alikwenda hatimaye Jumamosi moja, Mutabazi akiwa safarini, Kaliza akiwa amekwisha kuweza kukaa bila kushikwa. Mzee alifungua mlango mkono wake mwingine ukiwa ukutani.

"Nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Mama Kaliza!" Uso wake ukafurahi, lakini ulifurahi ukielekea pembeni kidogo, mahali ambapo Mukunde hakuwa amesimama.

Mukunde alishusha mkoba chini. "Tangu lini, Baba?"

"Lilikwenda pole pole. Sasa naona mwanga wa mlango tu, na kivuli mtu akipita. Ingia, ingia. Mlete huyo."

Alimpakata mjukuu wake. Vidole vyake vilipita juu ya paji la uso, vikateremka kwenye nyusi, vikasita pembeni mwa macho, pale yanapoinama. Kaliza alimtazama kwa makini, akamshika kidole akakitia mdomoni. Mzee alicheka. Alipomrudisha kwa mama yake, mkono wake uligusa mkono wa blauzi, ukabaki pale ukisikiliza kitambaa.

"Hii ni nguo mpya?"

"Ni ya kunyonyeshea, Baba. Niliishonesha ili niweze kukaa nawe sebuleni, umwone mtoto."

"Eh. Ni laini." Akakisugua kwa kidole gumba. "Ya rangi gani?"

Mukunde aliiona ile haradali juu ya mapaja ya Shakira, imetandikwa, tayari, asubuhi ile ambapo jicho hili lilikuwa bado linaona.

"Kijani, Baba," akasema. "Kijani cha chai."

"Rangi nzuri."

"Baba, nisamehe. Ulipokuwa ukiuliza kama yuko macho..."

"Nilikuwa nakuuliza macho," mzee akasema, "nawe ukanijibu usingizi."

"Nilidhani kelele zake zinakuudhi."

"Kelele?" Alishangaa kweli. "Mimi nimelala na ng'ombe maisha yangu yote, mwanangu, mtoto ataniudhi na nini? Mimi nilidhani ni wewe unayeudhika. Nikasema, mzee huyu anamnyima mwanamke raha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikaondoka."

Kaliza alianza kulia kwa njaa, akigonga kifua cha mama yake kwa kichwa. Mukunde alikaa kwenye kigoda, akainua tabaka la juu. Ikawa kama Shakira alivyosema: mtoto akaingia, kitambaa kikalala shavuni, tumbo limefunikwa, ziwa limefunikwa, uso u nje na macho makubwa yanazunguka chumbani.

Mzee alikisikia kile kimya cha ghafla cha mtoto aliyepata ziwa. Akainuka. Alikipapasa kiti chake, akakishika mgongo, akakiburuta mpaka ukutani, akakaa akiwa ameupa uso wake ukuta.

"Nyonyesha, mwanangu," akasema. "Nimegeuka."

Mukunde alitaka kumwambia kwamba hakuna haja. Lakini kumwambia hivyo kungekuwa kulitamka lile jambo, na alilishindwa, kama alivyolishindwa jina lake. Alikitazama kile kiti. Kilikuwa cha mbao nyepesi. Na pale Gikondo, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti kama hicho, nacho kingeweza kugeuzwa hivyo hivyo.

"Yuko macho?" mzee akauliza, akiuambia ukuta.

"Yuko macho, Baba."

"Yanatazama wapi?"

"Yanatazama mgongo wako. Sasa yanatazama mlango. Yanarudi kwako."

"Ni makubwa?"

"Makubwa. Na yameinama, kama walivyosema."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, mikono yake magotini. Nje mtu alipita na baiskeli. Kaliza alinyonya kwa nguvu, kisha kwa uvivu, kisha kwa kusita, na kope zake zikashuka, zikafunguka mara moja, zikashuka tena zikabaki. Mukunde hakusogea.

"Bado yuko macho?"

Alimtazama mtoto aliyelala juu ya kitambaa cha kijani.

"Bado, Baba," akasema. "Bado anakutazama."