Mgeni Aliyekuja na Macho Yangu

Ni mimi mwenyewe niliyemwambia bibi yangu, mke wangu wa ndoa, amwangalie yule mgeni machoni. Naanza hapo makusudi, maana ukishaujua ujinga wangu, mengine utayaamini bila shida. Hadithi hii sikupewa na mtu. Sikuwa nimekunywa, wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu, hapa Bunia, na nyumbani ndipo nilipokuwa siku zote. Ungenitafuta kwingine, ungepotea njia.

Mimi ni fundi wa redio. Meza yangu iko salon, pale sebuleni, karibu na dirisha, na wateja hunifuata hapo hapo. Mwenye miguu ni bibi yangu, Mama Neema. Yeye ndiye anayeshuka ziwani, Tchomia, kununua samaki wa moshi na kuja kuwauza sokoni. Wakati huo bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini ilikuwa amani ya kutegea sikio. Watu walijenga upya nyumba zao huku mfuko wa nguo na vyeti ukingoja nyuma ya mlango. Tairi la pikipiki likipasuka barabarani, mtaa mzima unanyamaza kwanza, halafu mtu mmoja anacheka, halafu wote.

Sasa habari ya macho. Nilipokuwa kijana macho yangu yalikuwa mepesi ya rangi, kama asali mpya. Shuleni waliniita Paka. Sura yenyewe, niseme ukweli, haikuwa kitu. Ni macho yaliyonipatia bibi. Mama Neema alisema hivyo hata mbele ya watu: "Miye nilipenda macho. Hii ingine yote ilikuja nayo tu." Picha yetu ya arusi iko ukutani juu ya meza yangu, na macho yale yanawaka ndani yake mpaka leo.

Miaka ikapita, yakabadilika. Kwanza yakaingia weusi kidogo kidogo. Halafu, ukingoni mwa ile duara ya rangi, ukatokea mviringo wa kijivu unaoelekea bluu, kama moshi wa jiko la asubuhi. Nikaenda kumuuliza anfirmie, yule muuguzi wa kituo cha afya. Akanishika kidevu, akanimulika, akacheka.

"Baba, ni mafuta ya mwili tu. Inajipanga pembeni ya jicho. Wazee wengi wako nayo."

Akanieleza kwamba rangi ya jicho ni kitu kinachoongezeka ao kupunguka. Mtoto akizaliwa na macho mepesi ya rangi, yanaweza kuwa meusi akikua. Ugonjwa, pigo, hata matone fulani ya dawa yanaweza kuigeuza. "Kama ni jicho moja tu, ao kama unaanza kuona giza, kimbia hapa. Lakini hii yako ni uzee." Nikarudi nimeridhika. Uzee angalau haumlazimishi mtu kutoka nyumbani.

Jumamosi moja mchana ikaanguka ile mvua yetu inayogeuza vumbi la barabara kuwa ugali mwekundu. Mtu akapiga hodi. Mwanaume wa makamo, suti ya kahawia, redio ndogo kwapani, inaimba. Alisema anatoka upande wa Mambasa. Nikamwonyesha kiti. Ndipo nikaona viatu vyake: vikavu, vinang'aa. Wewe umewahi kumwona mtu akivuka mtaa wetu kwenye mvua na viatu vikavu? Lakini mimi si mtu wa kusumbuka na viatu vya wengine. Nikainua kichwa nimuulize redio inaumwa nini kama inaimba.

Macho yake yalikuwa yangu.

Sisemi kwamba yalifanana na yangu. Yalikuwa yangu. Hata doa jeusi nililozaliwa nalo katika jicho la kushoto, dogo kama mbegu ya ufuta, lilikuwepo mahali pake. Nikatazama picha ukutani, nikamtazama yeye, nikarudi kwenye picha.

Hapo Mama Neema akaingia na beseni na jagi, amnawishe mgeni kabla ya chakula. Kwetu mwanamke akimnawisha mgeni hupiga goti, na macho yake hubaki kwenye mikono inayonawa. Usoni hamtazami. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyofanya miaka yote, hata kwa pasta. Mimi nilitaka shahidi. Nikasema: "Mama Neema, inua macho. Muangalie mugeni vizuri, halafu uniambie unaona nini."

Akainua. Maji yakaendelea kumiminika, beseni likajaa, likafurika mpaka magotini pake, na yeye anatazama tu. Halafu akatabasamu. Nisamehe, tabasamu lile siwezi kulieleza. Nilipewa mimi, kwenye ua wa baba yake, mwaka aliponikubali, na nilidhani limekwisha kama sabuni inavyokwisha. Kumbe lilikuwa limewekwa. Lilikuwa linangoja macho yale.

Wivu ninaujua. Nimemwonea wivu mwalimu wa kwaya, na dereva wa lori la samaki pia. Lakini umewahi kujionea wivu wewe mwenyewe? Kumchukia mtu kwa kitu ambacho ni chako?

"Mugeni," nikamuuliza, "hii macho ulitosha wapi, ulichukua kwa nani?"

Akajikausha vidole, kimoja kimoja. "Kuko mutu hakukuwa anaitumia. Ilikuwa inaangalia waya tu, tangu asubui mpaka magaribi. Ikachoka."

"Irudishe."

"Nikiirudisha, utaangalia nini nayo?"

Swali jepesi, sivyo? Na jibu lake lilikuwa limepiga goti mbele yangu, nguo imelowa. Mimi nikajibu nini? Nikajibu: "Hiyo ni mambo yangu."

Akacheka kidogo, akasimama. "Aksanti kwa maji, mama," akamwambia bibi yangu, akatoka kwenye mvua bila kugusa chakula. Nikamfuata mpaka mlangoni. Niamini: matope ya uani yalikuwa laini kama yamepigwa mwiko, na alama ya kiatu haikuwepo hata moja. Redio aliiacha mezani, bado inaimba. Nikaifungua. Ndani hakukuwa na waya wala betri, ni mchanga tu, mweupe, mkavu. Ikanyamaza.

Tangu siku ile Mama Neema hajamtaja mgeni. Mimi ananinawisha kama zamani, goti chini, macho mikononi mwangu. Lakini sokoni anawatazama wanaume usoni, mmoja mmoja, kama mtu aliyeahidiwa kitu. Najua kwa sababu siku hizi naenda sokoni, mimi huyu. Namfuata nyuma na vikapu vya samaki, nikichungulia macho ya kila mwenye pikipiki ya abiria, hao tunaowaita wamotari. Mmoja karibu anipige. Na juzi, kwenye jua kali, nikatazama macho ya bibi yangu. Na yeye ana mviringo ule wa moshi, macho yote mawili. Ulianza lini? Tumeishi nyumba moja miaka yote hiyo, na siwezi kukuambia.

Kwa hiyo sikia onyo langu. Macho yako yakigeuka rangi, nenda kituo cha afya, na usijidondoshee matone ya sokoni. Lakini akija mgeni mwenye macho unayoyajua, mpe chakula, mpe kiti, na usimwite mtu yeyote aje kumtazama.

Nilimsimulia haya yote jirani yetu, Mama Bahati, nikitumaini ataniombea. Aliendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo, mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Shetani ya nini, Baba Neema? Mwanaume aliangalia bibi yako mara moja tu, na tangu siku ile bibi yako anavaa kikwembe, kitenge yake muzuri ya Noeli, kila siku ya soko. Mutaa yote iliona. Ni weye tu haukuona: uko unaangalia macho ya wamotari."