Nguo Tano za Watu wa Nyumbani

Mwaka wetu wa mwisho katika shule ya kubuni mavazi tulikuwa finalisti kumi na mmoja, na kila mmoja alitakiwa kuleta mbele ya juri la watahini nguo tano zilizotoka katika wazo moja. Saba walichagua volkano. Ilikuwa gauni jeusi lenye nyufa nyekundu, koti jeusi lenye nyufa nyekundu, hata mkoba. Ningekuwa juri ningeomba feni. Waliobaki walichukua ziwa. Mimi nilinunua kitenge cha aina moja tu, cha kijani chenye maua ya njano, nikaandika kwamba wazo langu ni sare ya familia.

Kwetu Butembo sare haielezwi. Kukiwa na arusi au komunyo ya kwanza, nyumba nzima inakata kikwembe kimoja, na anayewakuta njiani anajua ninyi ni wa nani. Mimi nilikuwa na miaka mitatu sijaonwa hivyo. Nilikuja Goma kusoma, nikapanga chumba mtaa wa Mabanga, kisha vita ikafunga barabara. Kibati, Kalengera, vijiji nilivyovipita nikiwa na ndizi mkononi, sasa nilivisikia redioni tu. Jumapili nilikaa misani nyuma ya familia zilizovaa sare, nikawa natazama mishono ya migongo yao badala ya kusikiliza padri. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na hasira ya kuwa mpweke.

Kabla ya kuondoka nyumbani niliwapima wote ili kuuzoeza mkono. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono juu, akicheka kwamba utepe wangu utaishia njiani kabla ya kumzunguka. Vipimo vile nilivijua kwa moyo kama Salamu Maria. Baba, mama, bibi, kaka yangu na mdogo wangu wa kike. Watano, na nguo zilizotakiwa ni tano. Hesabu ilitimia na nilifurahi mno. Gauni la mama lilikula kitambaa kuliko zote, maana mama ni mnene na anapenda nguo pana. La mdogo wangu niliongeza vidole vinne kwenye pindo, kwa kuwa nilijua watoto hukua. Wakubwa niliwaacha vilevile.

Sheria ya shule ilikuwa kushona kwa vipimo vya wanafunzi watakaovaa nguo zetu siku ya maonyesho. Niliijua. Mwalimu alipoona msichana mwembamba wa mwaka wa kwanza amesimama ndani ya gauni la mama kama amejificha humo, alinipa siku mbili nilipunguze, la sivyo nisitegemee diploma. Nilimjibu kwamba hilo gauni lina mwenyewe. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda zake. Hata pini sikukubali iingie. Leo nikikumbuka naona aibu kidogo, kwa sababu msichana yule hakunikosea lolote, naye ndiye aliyepita mbele ya watu ameshika kitambaa kwa ngumi mgongoni kisimwanguke. Ukumbi ulicheka. Baada yake alipita mvulana ndani ya shati la baba, mikono imefunika vidole, wakacheka tena.

Juri walinihoji mbele ya wote. Mmoja wao alikuwa mama wa Bukavu, mshonaji wa miaka mingi, ambaye hakuwa amecheka. Aliomba nguo zote tano ziletwe karibu, akapindua pindo, akavuta mishono, kisha akaniuliza kila moja ni ya nani. Nikamtajia. Alizigusa moja baada ya nyingine nilipokuwa nikitaja, akafika mwisho, akaniangalia nilivyosimama na sketi yangu nyeusi ya shule.

“Na weye, ya kwako iko wapi?”

Nilitaka kusema kitambaa kiliisha, lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimekikosa, sikuwa nimejifikiria. Nilikuwa nimehesabu nyumba yetu mara nyingi bila kujikuta ndani. Nililia pale pale, mbele ya watu wa volkano na watu wa ziwa. Walinipitisha, wa mwisho katika orodha.

Kesho yake saa nne asubuhi mtandao ulikubali, nikampigia mama. Nilimweleza yote, hata kicheko cha ukumbi. Aliuliza rangi, akauliza maua ni makubwa au madogo. Nikamwambia kwamba yangu haipo.

“Kata ya kwangu,” akasema. “Utoe na yako humo.”

Nilimwambia haitamwenea tena. Akasema itamwenea. Shamba liko upande ambako watu hawaendi tena, alisema, wanakula wanachopata, na nisianze kulia kwa sababu hakuna aliyekufa. Nilimwomba anipe kipimo. Hakuwa na utepe. Alijizungusha kamba kiunoni, akaipima kwa shibiri zake, akanitajia. Mkono wangu na wa mama ni sawa, tangu zamani. Nikaupima urefu huo mezani kwangu kwa shibiri zangu, nikarudia, kisha nikamwomba ahesabu upya. Alihesabu, akataja idadi ileile.

Nilifumua gauni pande zote mbili, toka kwapani hadi pindoni, nikakata alipoishia mama. Vipande vilivyotoka niliviunga. Vilinitosha blauzi nzima, mikono na yote.