Mawe Yasiyo na Kwao

Kwa miaka kadhaa stoo ya duka la baba yangu pale Munyaka, mtaa wa Eldoret, ilijaa mawe yangu. Chumba nilichopanga Kimumu kilikuwa kidogo, nami nilikuwa nikifanya utafiti wa jiolojia huko chini bonde la Kerio, kwa hiyo kila nilipopanda na gunia nilimtupia yeye. Wateja wa misumari walimuuliza kama siku hizi anauza kokoto. "Hizi ni kokoto za digrii," aliwajibu, akijivuna mpaka nikaona haya.

Alipenda kuniuliza umri wa mawe hayo. Nilimweleza kwamba mfupa wa mnyama wa kale, ukishageuka jiwe, hausemi wenyewe una miaka mingapi. Tunapima majivu ya volkano yaliyoganda kuwa mawe chini yake na yale yaliyoufunika juu, maana yana chembe zinazokusanya gesi kidogo kidogo tangu siku yalipopoa. Kwa hiyo kila mfuko wa kitambaa niliuandika kwa wino mzito: jiwe limetoka tabaka gani, juu au chini ya mfupa.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa 2007, na matokeo yalipotangazwa mji ukawaka. Wazazi wangu, waliohesabiwa wageni kwa kuwa wazee wao walitoka Mkoa wa Kati, walikimbilia uwanja wa maonyesho na nguo walizovaa tu. Niliwakuta kwenye hema, afisa wa kuandikisha watu akimhoji baba.

"Mzee, kwenu ni wapi?"

"Munyaka."

"Hapana, Mzee. Kwenu kwenu."

"Ni hapo hapo. Nimezaliwa hii Eldoret. Unataka nikwambie mara ngapi?"

Afisa, kijana mpole aliyechoka, aliandika jina la wilaya ambayo baba aliijua kwa kwenda mazishi. Nilitamani kuirarua ile karatasi. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Baba alitaka kitu kimoja tu, kurudi kujenga. Hali ilipotulia kidogo tulienda kuangalia. Duka lilikuwa limebaki ukuta mmoja. Mama jirani, mwenyeji wa pale, ambaye ndiye aliyewapitisha wazazi wangu kwenye ua wake wakaponea, alitoka akamshika baba mikono yote miwili, akalia.

"Pole, Mzee. Lakini msirudi saa hii. Hawa vijana bado wako na moto. Hata mimi wameniambia vile nilifanya wanajua."

Baba alimshukuru, akaingia palipokuwa stoo. Mifuko ilikuwa imeteketea na mawe yametapakaa kwenye masizi. Aliokota moja, akalipangusa kwa koti.

"Huu moto umeharibu miaka yao?"

"La, baba. Haukuwa mkali kiasi hicho. Umri wao bado unaweza kupimwa."

"Basi si tubebe?"

"Ya nini? Sijui lipi lilitoka wapi. Jiwe lisilojulikana kwao halinisaidii, hata nikijua lina miaka mingapi."

Alilirudisha chini polepole, akasema twende.

Basi liliwapeleka Mkoa wa Kati, kwa binamu aliyewapa chumba nyuma ya nyumba yake. Huko walimwita yule mzee wa Eldoret. Kila nilipopiga simu aliniuliza kama Munyaka kumepoa, na kama mabati yamepanda bei. Nilimwambia avumilie kidogo. Mimi nilishuka tena Kerio nikaanza upya; kazi ikaisha, nikapongezwa, na sikufurahi.

Alifariki kabla ya kujenga. Niliomba azikwe kwenye ploti yake Munyaka. Wajomba walikataa, mama akaogopa, tukamzika kwenye kona ya shamba la chai la binamu.

Mhubiri, ambaye hakuwahi kukutana naye, alituambia tumshukuru Mungu kwa sababu mzee hatimaye amerudi nyumbani. Watu wakasema amina. Mama, anayenijua nilivyo, alinibana mkono kwa nguvu ili ninyamaze, na nikanyamaza.