Simu Zilizoita Ndani ya Beseni

Vijiti vile nilivichomeka mimi mwenyewe. Vitatu, vya chuma, vya kupimia joto, virefu kama fimbo ya kuchungia, ndani ya lundo la pamba kwenye ghala la chama cha wakulima kijijini kwetu, upande wa Masumbwe. Nikiwa Katoro, kwenye kibanda ninakotengeneza simu, nilikuwa naliona joto la pamba ile kwenye simu yangu. Elimu yangu darasa la saba, lakini nilishajiona nikivichomeka kwenye maghala yote ya Usukumani.

Siku ile wakulima walicheka. "Ng'ombe tunajua anakopimwa homa," mmoja alisema. "Huyu pamba mnampimia wapi?" Mama akawaambia mwanawe hajaja kuwapima wao, watulie.

Pamba ikiingia ghalani na unyevu huchemka kwa ndani, kimyakimya. Ikizidi huungua katikati na kuacha shimo, na juu huoni kitu. Ndiyo maana niliogopa mchana mmoja nilipoona joto la kijiti cha katikati limepanda. Niliweka bisibisi chini. Nilipotazama tena lilikuwa limepanda zaidi, na vile vya pembeni vimetulia tu.

Na ilikuwa siku ya kushindilia. Mama na wenzake hupanda juu ya lundo pekupeku, wanaikanyaga pamba huku wakiimba, ili nyingine ipate nafasi. Akilini nilimwona akizama hata kabla sijampigia.

Simu yake iliita mpaka ikakata. Ya katibu wa chama nayo ikaita mpaka ikakata. Hapo nikakumbuka beseni. Kwa kuogopa moto, anayeingia ghalani huacha mlangoni kiberiti, sigara na simu, vyote kwenye beseni moja. Simu zilikuwa zinaita humo, na wao wanaimba. Nilimpigia mama tena, na tena.

Ikapokelewa.

"Hii simu si yangu," sauti ya mzee ikasema. "Mimi nimeleta pamba, nasubiri mizani hapa mlangoni. Nimeipokea ili inyamaze."

"Babu, washushe watu juu ya pamba."

"Wewe nani, usiye na salamu?"

"Shikamoo babu. Washushe, inaungua chini yao."

"Marahaba. Mbona sioni moshi?"

"Hutauona. Babu, mama yangu yuko pale juu." Machozi yakanitoka mbele ya wateja.

Nilimsikia mzee akiita kwa Kisukuma, akienda mbali na simu. Wimbo uliendelea. Kisha ukapungua, sauti moja moja, ukakoma. Sijawahi kuogopa kimya namna ile.

"Nimeshuka," mama akasema. "Niko mlangoni, nimevaa ndala zangu."

"Na wenzako?"

"Wote. Katibu kachomeka mti pale tulipokuwa tunakanyaga. Umeingia wote, kama kwenye uji. Umetoka mweusi."

Nikakaa chini nyuma ya meza. "Asifukue, mama, ikipata hewa itawaka. Afunge mlango, aite zimamoto."

"Kashafunga, anawapigia. Acha kulia. Mzee yupo hapa, anasema umemsalimia mbiombio. Msalimie vizuri."

Nikaanza upya. Shikamoo, habari za nyumbani, za mifugo, za shamba. Alijibu moja moja, bila haraka, na nyuma yake nilikuwa namsikia mama akikohoa.