Viti vya Wenye Ndoa

Renzaburo Utsugi alikuwa na mdomo wa kuuza. Pale Asakusa, mtaa wa majumba ya sinema, watu hawakuuliza inaonyeshwa picha gani; waliuliza nani anaisimulia. Picha zilikuwa bubu, na yeye alisimama kando ya pazia la picha akiwapa wazungu wa kwenye picha sauti, kicheko na kilio. Nyumbani sasa! Nyumbani alikula wali wake kimya akalala, mpaka mkewe Misao akachoka, akarudi kwa kaka yake.

Mchana ule Misao alimvizia kwenye mlango wa nyuma wa sinema.

"Kaka ameshanitafutia mume mwingine," alisema. "Anataka jibu leo."

"Na wewe unasemaje?"

"Nitakaa viti vya wenye ndoa. Ukinitaka, njoo ukae na mimi kabla picha haijaisha. Njoo tu, maneno yako nimeyashiba."

"Sasa niache kazi katikati, Misao?"

"Picha inakwenda yenyewe, bwana. Haikungoji wewe."

Ukumbini wanaume walikaa upande wao, wanawake wao, na mke na mume safu za katikati. Ndiyo amri ya serikali, na askari alisimama nyuma kuisimamia.

Picha yenyewe ilifanana na mambo yake. Mume amemfukuza mkewe, sasa anajuta, anamtafuta stesheni. Renzaburo alisimulia huku jasho likimtoka. Alimwona askari akimwinamia Misao, akimwonyesha kiti kitupu cha ubavuni pake. Misao akanyoosha kidole jukwaani.

"Huyo?" mtu wa nyuma yake akadakia kwa sauti. "Huyo si mume wa kila mtu humu?"

Safu nzima ikacheka. Renzaburo akaona haya, na akaogopa kweli kweli. Akashusha mguu mmoja kwenye ngazi.

Mara mume wa kwenye picha akapiga magoti, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsubiri msimulizi. Sentensi moja tu, alijiambia, kisha nashuka.

"Mke wangu, nilikuona kila siku, sikukutazama hata siku moja."

Mwanamke mmoja akaangua kilio. Renzaburo akaongeza sentensi ya pili, na ya tatu. Kuliza watu ni ulevi, naye, maskini, alikuwa mlevi wa miaka mingi.

"Nimekosa. Rudi nyumbani."

Hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo, na alilisema ameelekea pazia. Alipogeuka, Misao alikuwa amesimama, anajifunga shali. Alimpita askari bila haraka, akaufungua mlango. Renzaburo alimwona vizuri kabisa. Alikuwa amebakiwa na sentensi mbili, akazimaliza.